Njia ya Kujengea Programu ya Watu Wote

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo maandishi yake hayafichwi. Mtu yeyote aweza kuyasoma, kuyanakili, kuyarekebisha na kuwapa wengine, maadamu anayashika masharti ya leseni iliyoandamana nayo. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ngumu ya kutengeneza kitu cha namna hii ni kuyaandika hayo maandishi. Mimi nimeona ugumu ukija mapema zaidi, kabla ya herufi ya kwanza kuandikwa. Ugumu huo ni kukubaliana jinsi ya kufanya kazi: nani ataamua, mambo gani yaamuliwe kwanza, na mambo gani yaachwe yaamuliwe na siku zijazo. Mwajiri aweza kuwaamrisha watu wake wafuate njia aitakayo. Kikundi cha watu wanaojitolea hakina mwajiri, na njia isiyowaridhisha wataiacha kimya kimya, kila mtu arudi kwake.

Sisi tulikuwa watano hapa Nakuru. Mmoja wetu ni mzee aliyestaafu kazi ya reli. Wa pili ni binti aliyehitimu masomo ya kompyuta katika chuo kikuu. Wawili ni vijana wa tumbo moja ambao hutengeneza simu mjini na kujifunza uandishi wa programu usiku. Wa tano ni mimi, mwalimu wa hesabu. Tulitaka kuandika programu ya kutunza kitabu cha maziwa cha vyama vya ushirika, na kuitoa bure ili chama chochote kipendacho kiitumie.

Yafaa nieleze kitabu hicho ni kitu gani, maana wako wasomaji wanywao maziwa kila siku bila kukijua. Alfajiri wafugaji huleta maziwa kituoni kwa pikipiki, kwa baiskeli, kwa punda, na wengine kwa miguu. Karani huyapima kwanza kwa chombo ajue kama yametiwa maji, kisha huyatia katika mizani, halafu huandika kilo katika kitabu kikubwa na katika kadi ya mfugaji. Mwisho wa mwezi kilo zote hujumlishwa na kuzidishwa kwa bei, kisha hukatwa deni la chakula cha ng'ombe, gharama ya kupandisha mitamba, akiba, na fedha ambazo mwanachama alikopa katikati ya mwezi. Kinachobaki ndicho riziki yake. Tarakimu moja ikiteleza, mama mjane mwenye ng'ombe wawili hukosa karo ya mtoto, na hana kitu cha kumshindia karani ila kadi iliyolowa mvua.

Tena nakijua chama kimoja, nisichokitaja jina, ambacho kiliwahi kununua programu iliyofungwa. Muuzaji alifunga shughuli zake na kuhama. Bei ya maziwa ilipobadilika na makato mapya kuongezwa, hapakuwa na mtu awezaye kuifungua programu ile na kuirekebisha. Makarani wakarudi kwenye karatasi, na hesabu za miaka kadha zikabaki ndani ya mashine kama vitu vya marehemu katika sanduku lisilo na ufunguo. Kwa sababu hiyo hatukubishana juu ya kuwa huria au kutokuwa huria. Tulibishana juu ya njia.

Mzee alitaka mpango kamili kwanza. "Vijana wangu," alisema, "njia ya reli haitandikwi kwa kubahatisha. Andikeni kila kitu karatasini, mkikague, mkitie sahihi, ndipo mwanze. Mtu anayeanza kujenga kabla ya kupima hujenga mara mbili."

Binti akamjibu kwa adabu. "Mzee wangu, reli ikishatandikwa haihami. Lakini programu ni maandishi, na maandishi hurekebishika. Tukikaa miezi sita tukiandika mpango, karani atakuwa bado anaandika kwa kalamu, nasi tutakuwa hatujamwuliza hata mara moja anataka nini. Tumpe kitu kidogo baada ya majuma mawili, akitumie, akikosoe, tukirekebishe."

Mabishano haya ni ya zamani kuliko binti huyo. Mwaka 1970 Mmarekani aitwaye Winston Royce alichapisha makala juu ya kusimamia programu kubwa. Ndani yake alichora hatua zinazoshuka moja baada ya nyingine: mahitaji, uchambuzi, usanifu, uandishi, majaribio, kisha matumizi. Watu waliokuja baadaye waliiita njia hiyo maporomoko ya maji, kwa kuwa maji yakishashuka hayapandi tena. Ajabu ni kwamba Royce mwenyewe alionya katika makala ileile ya kuwa kuifuata njia hiyo kama ilivyochorwa ni hatari, kwa sababu majaribio huja mwishoni wakati kosa limekwisha kuota mizizi. Wengi waliikumbuka picha wakalisahau onyo. Jambo hili huwapata waandishi wengi, na wanafunzi wanaosoma vichwa vya sura tu wana sehemu yao ya lawama.

Mwezi wa Februari mwaka 2001, watu kumi na saba wenye uzoefu wa kazi hii walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, wakatoa tamko fupi. Walisema kuwa wanathamini zaidi watu na mazungumzo yao kuliko taratibu na vyombo. Programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi. Kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba. Na kuitikia mabadiliko kuliko kuung'ang'ania mpango. Hawakusema kuwa mipango na nyaraka havina maana. Chini ya mwavuli wa tamko hilo zipo njia kadha wa kadha, na iliyoenea sana huitwa Scrum. Katika njia hiyo kazi hukatwa vipande vya majuma machache, kikundi hukutana kwa dakika chache kila siku, na mwisho wa kipande huonyesha kilichotengenezwa.

Mzee hakukubali upesi. Akatusimulia habari za reli ambayo baba yake pia aliitumikia. Njia ile ilipimwa kwa miguu mwaka 1892 na wapimaji walioongozwa na Kapteni Macdonald. Kazi ya kuitandika ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na vyuma vikagusa ziwa, mahali paitwapo Kisumu leo, Desemba 1901. Lakini ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Kijabe, wajenzi walikuta mteremko mkali ambao ungehitaji madaraja mengi na muda mrefu. Hawakuketi kungoja madaraja. Walitengeneza njia ya muda ya kuteremkia, wakayashusha mabehewa kwa kamba chini ya mteremko, na wenzao wakaendelea kutandika reli sakafuni mwa bonde kuelekea Naivasha na Nakuru. Njia ya kudumu ilipokwisha, ya kamba ikaachwa.

Binti alicheka. "Mzee, hapo umeniunga mkono mimi."

"Nimekuunga mkono kwa kamba," mzee akajibu, "lakini ukumbuke ya kuwa upana wa reli haukubadilishwa hata mara moja toka Mombasa mpaka ziwani. Ungebadilishwa Voi na tena Naivasha, gari moshi lingesimama wapi?"

Neno hilo la upana wa reli ndilo lililotufungulia shauri letu. Katika kila kazi yako mambo ambayo ni kamba, nayo yaweza kufanywa leo na kutupwa kesho. Yako pia mambo ambayo ni upana wa reli, ambayo ukiyabadilisha njiani unawatesa wote waliotangulia kusafiri. Swali lenye manufaa kwetu likawa kujua kwa kila jambo kama ni kamba au ni upana wa reli. Kubishana kama mpango ni bora kuliko majaribio, au majaribio kuliko mpango, hakukuwa na faida tena.

Nilipotafuta mfano wa watu waliolipambanua jambo hili vizuri, sikulazimika kwenda mbali. Mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, nchi ya Nandi, kusini mwa Eldoret, waganga wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Programu yao ilikuwa ndogo, imejengwa juu ya Microsoft Access, nayo ilifaa kwa kituo kimoja. Mwaka huohuo ulianzishwa mpango wa AMPATH wa kuwatibu watu wenye virusi vya Ukimwi, na wagonjwa wakaongezeka upesi kuliko programu ilivyoweza kustahimili. Mwaka 2004 waganga wawili waliojua pia kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret wakaiona hali hiyo. Wakaamua kujenga upya, tena kwa namna ambayo nchi nyingine zingeweza kuitumia. Walijiunga nao Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health na Christopher Seebregts wa Afrika ya Kusini. Programu hiyo huitwa OpenMRS, na mwezi wa Februari mwaka 2006 ilianza kazi katika AMPATH. Baadaye serikali ya Kenya nayo ilipata programu yake ya hospitali, KenyaEMR, iliyojengwa juu ya msingi huo.

Wajenzi wa OpenMRS hawakujua ni maswali gani ambayo mganga wa Rwanda au wa Afrika ya Kusini angetaka kumwuliza mgonjwa wake. Kama wangetengeneza jedwali lenye nafasi ya kila swali walilolijua, kila swali jipya lingewalazimu kulivunja jedwali. Basi waliweka katikati ya programu kitu kama kamusi. Uzito wa mwili, kikohozi, dawa fulani, kila kimoja ni neno katika kamusi hiyo, na kila kipimo cha mgonjwa huandikwa kwa kulitaja neno lake. Mganga akitaka swali jipya, huongeza neno, wala havunji nyumba. Tena walijenga kiini kidogo na kuacha milango ambapo kila nchi ingeunganisha sehemu zake, ambazo huitwa moduli. Kamusi na kiini ndivyo upana wa reli. Moduli ndizo kamba. Maarifa ya kamusi hayakuzuka kwa siku moja. Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, walikotoka waganga wale wawili, ilikuwa imetunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta tangu mwaka 1972. Kijana anayedharau mipango na akumbuke miaka hiyo thelathini.

Mfano wa pili ni wa haraka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi yetu ilipatwa na machafuko, na mwishoni mwa Januari 2008 moto huo uliifikia Nakuru na Naivasha. Mapema Januari mwanasheria Ory Okolloh alikuwa ametoa wazo la kuweka habari za ghasia katika ramani. David Kobia, Juliana Rotich, Erik Hersman na wengine wakaitengeneza Ushahidi kwa siku chache tu, na watu wakaanza kupeleka habari. Nani angethubutu kuwaambia wangoje mpango uliotiwa sahihi? Ilikuwa kamba tupu, na kamba ndiyo iliyotakiwa. Maandishi yake yakawa huria, yakatumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010 na katika nchi nyingine nyingi, kisha programu ikajengwa upya kwa ajili ya safari ndefu. Mimi sioni aibu yoyote katika kujenga upya kitu ambacho kimekwisha kuokoa wakati.

Hata hivyo programu ya maziwa si ya dharura, wala sisi si taasisi yenye miaka thelathini. Yatupasa kupima nguvu zetu. Kukutana kila siku kama Scrum itakavyo ni jambo jema kwa watu wanaolipwa na kuketi chumba kimoja. Sisi tuna saa chache za usiku, mmoja ana watoto wa kuwasahihishia madaftari, mwingine yuko zamu. Kwa hiyo tulichukua desturi nyingine, iliyozaliwa katika viwanda vya magari vya Toyota huko Japani, ya kuonyesha kazi kwa kadi. Kila kazi ina kadi yake ubaoni, na hakuna aruhusiwaye kushika kadi mpya kabla ya kuimaliza au kuirudisha aliyo nayo. Vijana wa simu waliiona kuwa ni kanuni kali. Baada ya majuma matatu wao ndio waliokuwa wakiwakemea wengine.

Lilibaki swali la maamuzi. Wapo wasemao kuwa programu huria ni soko, ambamo kila mtu hupanga bidhaa yake apendavyo. Mfano huo wa soko ulienezwa na Eric Raymond mwaka 1997, alipoeleza jinsi Linux ilivyokua tangu Linus Torvalds wa Helsinki alipoitangaza mwaka 1991. Lakini soko lenyewe lina mlango na msimamizi, na Torvalds alikuwa na haki ya kukataa kipande chochote ambacho hakikumridhisha. Palipo na maelfu ya wachangiaji pasipo mtu wa kukataa, hapana programu, pana jalala. Sisi tulikubaliana kuwa kila shauri liandikwe mahali panaposomwa na wote, likae siku saba, na asiyepinga kwa sababu iliyoandikwa ahesabiwe kuwa ameridhia. Wakipingana wawili, mtunzaji huamua, naye huandika sababu yake. Binti ndiye mtunzaji wa kwanza. Utunzaji ni wa mwaka mmoja.

Sasa nije kwenye upana wa reli yetu. Tuliandika kurasa tisa tu kabla ya kuanza, nazo hazikuhusu sura ya programu wala rangi zake. Zilihusu leseni, zilihusu siri za wanachama, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tuzihifadhi, na zaidi ya yote zilihusu fedha. Hapo nilikuwa na neno langu la mwalimu wa hesabu. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili, sifuri na moja, na katika hesabu hiyo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho katika desimali zetu. Mwandishi wa programu akiitunza senti kumi kama desimali ya shilingi, huenda mashine ikaihifadhi pungufu au zaidi kwa kiasi kidogo kisichoonekana. Kwa mfugaji mmoja si kitu. Kwa wafugaji mia nane, kilo za mwezi mzima na makato manne kila mmoja, jumla mbili zinazotakiwa kulingana zaweza kukataa, na karani asiye na hatia akaulizwa senti zimekwenda wapi. Tukaamua kuwa fedha zote zitunzwe kwa senti kamili zisizo na desimali, na uzito kwa gramu kamili, na kanuni ya kukadiria iandikwe mara moja mahali pamoja.

Ukurasa wa kumi tuliupata kwa karani. Tulipompelekea kipande cha kwanza baada ya majuma mawili, aliandika kilo kwa makusudi kimakosa, akazifuta, akaandika upya. Kisha akatutazama.

"Ile ya kwanza imekwenda wapi?" aliuliza.

"Umeifuta, mama," alisema kijana mmoja.

"Katika kitabu changu sifuti. Napiga mstari mmoja, naandika pembeni, natia sahihi. Mwenyekiti akija, aione niliyokosea na niliyosahihisha. Nikiweza kufuta, kesho nitaambiwa nimekunywa maziwa ya watu."

Hakuna hata mmoja katika sisi watano ambaye angelijua jambo hilo kwa kukaa na karatasi. Wala halikuwa jambo la kamba. Lilikuwa la upana wa reli, maana lilibadilisha namna ya kuhifadhi kila uzito na kila shilingi. Tangu siku hiyo programu haifuti kitu. Kosa husahihishwa kwa maandishi ya pili yenye jina na saa, na ya kwanza hubaki. Binti alimwambia mzee kwamba hiyo ndiyo faida ya majuma mawili. Mzee akamwambia kwamba lau wangengoja mwaka kabla ya kumwonyesha karani, kazi yote ingebomolewa. Na kwamba kubomoa kurasa chache kumewezekana kwa sababu kurasa tisa zilikuwapo. Sijui ni nani aliyeshinda, na sidhani kuwa wao wanajua.

Karani amepewa haki ambayo sijaiona katika kanuni ya kikundi kingine chochote: toleo lolote ambalo yeye hajalitumia kwa siku thelathini sambamba na kitabu chake halitolewi kwa chama kingine. Mzee ameshika kazi ya kuandika maelezo kwa Kiswahili, na hutoa sababu ya kila uamuzi kwa mwandiko wa mtu aliyezoea ripoti za ajali. Vijana wa simu wanatengeneza namna ya kuandikia kilo wakati umeme umekatika. Toleo la pili lilikuwa tayari mwezi wa Machi, lakini karani amelikataa mpaka mvua za masika zipite, kwa kuwa majani yakiota maziwa huwa mengi, foleni hufika barabarani, naye hana nafasi ya kujifunza jambo jipya.